Jani Lifungalo na Jani Liliwalo katika Mwambao wa Tanganyika

Ilagala, iliyo kusini ya Ujiji karibu na mahali ambapo Mto Malagarasi humwagika katika Ziwa Tanganyika, ni nchi ya mimea mitatu: mchikichi, muhogo na mgomba. Mchikichi huwapa watu mawese, muhogo huwapa ugali, na mgomba huwapa ndizi. Lakini katika makala hii hatutaki kusema habari za matunda wala za mizizi, bali za majani. Waalimu wenzetu wamekwisha kuandika mengi juu ya ngoma, mahari, matambiko na majina ya watoto. Ni wachache walioinama kutazama ndani ya chungu. Nasi twadhani kwamba ndani ya chungu cha mwambao huu mna historia ambayo haikuandikwa penginepo.

Jani la mgomba ni jani lifungalo. Mwanamke atakaye kulitumia hulikata likiwa bichi na pana, kisha hulibabua, yaani hulipitisha juu ya moto upesi upesi mpaka rangi yake igeuke na kung'aa. Jani lisilobabuliwa hupasuka kwa kufuata mishipa yake, bali lililobabuliwa hukunjika kama kitambaa. Huondoa uti wa katikati kwa kisu, hulaza majani mawili au matatu kwa kupishanisha mishipa, kisha huweka ndani vipande vya samaki pamoja na chumvi, pilipili, kitunguu na mawese kidogo. Hukusanya pembe za majani, huzifunga kwa kamba ya ganda la mgomba, na kukiweka kifurushi juu ya makaa, au katika chungu chenye maji machache. Samaki huiva kwa mvuke wake mwenyewe, wala haumwagiki mchuzi hata tone. Jani la nje huungua, la kati hukauka, la ndani hushika mafuta na harufu. Na chakula kikiisha kuiva, yote matatu hutupwa.

Upishi huu si wa mahali pamoja. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Kongo, wasemao Kilingala hukiita chakula hiki liboke, na wingi wake maboke, neno ambalo maana yake ni kifurushi tu. Waganda nao wana luwombo, ambao ni kuku au nyama au karanga zilizofungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa na kupikwa kwa mvuke. Nao husimulia kwamba ulianza katika jumba la Kabaka Mwanga mwaka 1887 kwa ustadi wa mpishi wake. Sisi twaona kwamba jambo la kufunga chakula katika jani ni la kale kuliko mfalme yeyote ajulikanaye kwa jina, ingawa luwombo wenyewe, kwa namna ulivyo leo, huenda ukawa wa jumba hilo.

Jani la muhogo ni jani liliwalo, wala halifungi kitu. Umbo lake ni la vidole, na zaidi ya hayo lina sumu. Mmea huu hutunza sumu yake mbalimbali na kile kiiamshacho, kila kimoja mahali pake ndani ya jani. Jani likipondwa, viwili hivyo hukutana, sumu hutoka, na moto huifukuza katika mvuke. Kwa hiyo mwanamke hachemshi tu, bali hutwanga kwanza, tena hutwanga sana, kisha hupika kwa muda mrefu chungu kikiwa wazi. Nani aliyewafundisha hesabu hii mabibi ambao hawakusoma elimu ya madawa? Huku kwetu, na ng'ambo yetu, mboga hii huitwa sombe. Hutiwa mawese, na mara nyingine karanga au dagaa. Kwa watu wa pwani ya bahari huitwa kisamvu, nayo hutiwa tui la nazi.

Hapo ndipo tulipofikiri jambo moja. Katika mwambao wetu jani ama hufunga kisha likatupwa, ama hupondwa likaliwa. Halifanyi kazi zote mbili. Je, kuna watu duniani ambao kwao jani moja ni chombo na chakula pamoja? Wapo, nao ni jamaa ambao wasomaji wetu wamepata kulisikia jina lao, kwa sababu Kanisa lao ni la kale sana: ndio Waashuri, Wakristo wa Mashariki ambao lugha yao mpaka leo ni tawi la Kiaramu. Kanisa lao, liitwalo Kanisa la Mashariki, lilipeleka wahubiri hata nchi ya China, na jiwe lililochorwa habari zao mwaka 781 liko China mpaka sasa katika mji wa Xi'an.

Waashuri huchuma majani ya mzabibu wakati wa majira ya kuchipua, yakiwa bado laini, na kuyatia katika maji ya chumvi ili yakae mwaka mzima. Siku ya kupika huyaosha, au kama ni mabichi huyatia katika maji ya moto kwa kitambo kidogo, na kukata kikonyo. Hutengeneza mchanganyiko wa mchele mbichi, nyama ya kondoo au ya ng'ombe iliyosagwa, kitunguu, nyanya, na majani ya harufu yaliyokatwa madogo madogo kama kotimiri, pamoja na maji ya ndimu. Kisha mwanamke hulaza jani katika kiganja, upande wa mishipa ukielekea juu, huweka kijiko cha mchanganyiko karibu na kikonyo, hukunja pembe mbili kwa ndani, na kuliviringisha mpaka ncha. Hukunja bila kukaza, kwa sababu mchele ni mbichi nao utavimba. Aliyekaza sana atakuta majani yamepasuka. Chini ya sufuria huweka mifupa ya nyama au vipande vya viazi ili kisiungue, hupanga vifurushi mstari juu ya mstari, hufunika kwa sahani na kuigandamiza kwa kitu kizito, hutia maji na ndimu, na kuacha moto mdogo ufanye kazi. Mwisho hupindua sufuria juu ya sinia. Kila kifurushi ni cha kidole kimoja, na sufuria moja hutaka vifurushi makumi mengi. Kwa hiyo kazi hii haifanywi na mtu mmoja aliye peke yake, bali mama, binti, shangazi na jirani hukaa pamoja wakikunja na kuzungumza. Katika siku za mfungo hutengeneza bila nyama, kwa mchele na majani ya harufu na mafuta ya mimea.

Chakula hiki hukiita dolma. Na neno hilo lastahili kutazamwa na watu wapendao lugha, kwa sababu si la Kiaramu. Ni la Kituruki, nalo latoka katika kitenzi maana yake ni kujaa. Wengine kati yao hutumia jina litokanalo na yaprak, yaani jani, nalo pia ni la Kituruki. Basi watu walioitunza lugha ya Kiaramu katika sala na katika nyumba zao kwa karne nyingi, chakula chao wakipendacho wamekiita kwa lugha ya watawala wao. Hili latuonya sisi tunaofanya haraka kusema, "Neno limetoka mahali fulani, kwa hiyo watu wametoka huko." Jina la chakula mara nyingi latuonyesha jirani wa mpishi, wala halituonyeshi babu yake.

Hata hivyo chakula chenyewe kiliwafuata Waashuri mahali pote. Mwaka 1915 waliuawa kwa wingi katika milki ya Waturuki, na wao huuita wakati ule Seyfo, maana yake upanga. Mwezi wa Machi 1918 Patriaki wao, Mar Benyamin Shimun, aliuawa. Na mwaka uo huo maelfu walikimbia kutoka Urmia katika nchi ya Uajemi, wengi wakafia njiani, na waliobaki wakakaa katika kambi ya Baquba, nchi ya Iraki. Mwezi wa Agosti 1933 wengine waliuawa huko Simele. Leo wako Iraki, Siria, Uajemi, na wengi wako Chicago na miji mingine ya mbali. Mashamba ya mizabibu hawakuweza kuyachukua. Lakini mkono ujuao kukunja jani hauchukui nafasi katika mzigo.

Tumesema hayo kwa sababu katika mwambao wetu pia kuna watu waliohamishwa kwa nguvu, ambao mikono yao ilichukua kitu. Nao hawana mwandishi wa habari zao.

Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari 1858, na Burton katika kitabu chake aliandika habari za soko lile na bidhaa zake, mawese yakiwa miongoni mwao. Livingstone alifika Ujiji mara ya kwanza mwaka 1869, akavuka ziwa, akaenda magharibi katika nchi ya Manyema, na mwezi wa Machi 1871 alifika Nyangwe, juu ya Mto Lualaba. Huko aliona soko kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wamejitwika vyungu, samaki, mihogo na mafuta. Alipenda sana kukaa na kuwatazama wakibishana bei. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanya biashara waliwapiga risasi wanawake wale sokoni, na wale waliojitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa zaidi ya mia tatu. Livingstone aliandika habari hiyo kwa uchungu, akarudi Ujiji mwezi wa Oktoba. Na baada ya siku chache Stanley akamkuta pale. Ulimwengu mzima wajua maneno ya kuamkiana kwao. Majina ya wanawake wa Nyangwe hakuna ayajuaye.

Wenzao waliotekwa katika miaka ile waliletwa ziwani, wakavushwa kwa mitumbwi mikubwa, wakatua Ujiji na katika vijiji vya mwambao. Wengine walipelekwa mbele, kwenda Unyanyembe na pwani ya bahari. Wengine walibaki hapa wakawa watumwa wa nyumbani, wake, wapagazi, wakulima. Baadaye wakaja wengine kwa hiari yao, wakafanya kazi na biashara. Hao na watoto wao ndio walioitwa Wamanyema, ingawa kwao walikuwa wa makabila mengi. Hawakuja na kinu wala mchi, waliyachonga hapa.

Je, twaweza kusema kwamba sombe ililetwa na wanawake hao? Tusifanye haraka, tukumbuke dolma. Muhogo wenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika mwambao wa magharibi wa Afrika katika karne ya 16, nao ukaenea polepole katika bonde la Kongo kuelekea mashariki. Warundi, ambao hawakuvushwa na mtu, nao husema isombe. Na yawezekana jina lilizunguka ziwa kwa kaskazini, likipita kutoka jirani hata jirani, bila mtumbwi wowote. Tena majina ya mwambao huu huvuka mipaka bila utaratibu: samaki tumwitaye mgebuka ndiye mukeke kwa Warundi, na dagaa wetu ndio ndagala wao. Kwa hiyo neno peke yake halitoshi kuwa shahidi.

Lakini neno likisimama pamoja na namna ya kupika, ushahidi wazidi nguvu. Kupika jani la muhogo kwa mawese, siyo kwa nazi. Kuvundika muhogo katika maji kabla ya kuutengeneza. Kuwa na ladha ya ukali kidogo katika ugali na kuipenda: mambo haya matatu ni ya upande wa magharibi, nayo yamekaa pamoja. Na kuna jambo la nne, nalo ni kwanga. Huu ni mkate wa muhogo wa Kongo. Muhogo huvundikwa siku kadhaa, hutolewa nyuzi, husagwa, hupikwa nusu, hukandwa, hufungwa katika majani mapana ya msituni, na kupikwa tena kwa mvuke. Ukifungwa vema hukaa siku nyingi bila kuharibika, kwa hiyo ni chakula cha mwenye kusafiri kwa mtumbwi. Hapa tena jani hufunga, halafu hutupwa.

Mchele nao ulikuja kwa njia iliyo kinyume. Waarabu na Waswahili waliutoa mashariki, wakaupanda katika makao yao ya bara, hata Nyangwe na Kasongo wakawa na mashamba ya mpunga. Basi jani la muhogo lilikuwa likija mashariki wakati mchele ulipokuwa ukienda magharibi, na Ujiji ilikuwa njia panda yao. Walipishana katika mwambao huu, wakakaa katika sahani moja, lakini hakuna aliyeutia mchele ndani ya jani.

Kwa nini? Sababu moja tumekwisha kuitaja: jani letu kubwa halilainiki kwa kuliwa, na jani letu liliwalo lina sumu mpaka lipondwe. Lakini twadhani sababu iliyo kubwa ni ugali. Mtu wa mwambao akatapo tonge, hulifinyanga, hulibonyeza kwa kidole gumba likawa na shimo, na kwa shimo hilo huchota sombe. Tonge ndilo jani lake la mzabibu. Mwashuri huweka nafaka ndani na jani nje. Sisi huweka jani ndani na unga nje, tena hufanya hivyo upya kila tonge, mezani, kwa mkono wa mlaji mwenyewe.

Sasa tuseme jambo linalotuuma. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Faida ya jambo hilo hakuna awezaye kuikana, maana pasipo hilo hata makala hii isingesomeka mbali. Lakini tangu siku zile mpaka hizi, wako waalimu ambao mtoto akiandika katika insha yake, "Mama alipika sombe," huikata sombe kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "kisamvu." Mtoto husahihisha. Hajui kwamba aliyoiandika kwanza ilikuwa kweli zaidi, kwa sababu mama yake hakutia nazi, wala hapakuwa na mnazi. Kisamvu ni jina la chakula cha pwani. Sombe ni jina la chakula alichokila yeye. Na zaidi ya hayo, kwa baadhi ya watoto hao neno lile ndilo hati pekee iliyobaki ya bibi wa bibi yake. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini aibu haikomeshwi kwa sheria. Tumeona wazee ambao wakiulizwa bibi yao alizaliwa wapi hunyamaza, au hutaja kijiji cha hapa hapa. Ukiwauliza bibi alipika nini, husema bila kusita, tena kwa furaha, hata namna alivyokaa na mchi.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu walioko shuleni na katika parokia, waulizapo habari za kale, waanzie jikoni. Waandike jina kama linavyotamkwa, na jani gani, na linababuliwa au halibabuliwi, na nani aliyemfundisha nani. Wasingoje. Karatasi ya fedha ya madukani yaanza kuchukua kazi ya jani la mgomba, kama mfuko wa plastiki ulivyochukua kazi ya kikapu mpaka Serikali ilipoupiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kwa jani la mgomba hapatakuwa na amri ya kulirudisha.

Wengine watauliza kama dolma yaweza kupikwa Ilagala. Yaweza. Mizabibu iko Dodoma, ambako kilimo chake kilianzia kwa mapadre wa misheni ya Bihawana, lakini majani yake hayafiki huku kwa urahisi. Si lazima. Waashuri wenyewe hutumia pia kabichi, kitunguu kilichobanduliwa tabaka kwa tabaka, na mboga moja yenye jani pana na uti mnene, ambayo ndiyo hii tuiuzayo katika masoko yetu kwa jina la spinachi, ingawa si spinachi ya Wazungu hasa. Jani hilo litiwe katika maji ya moto mpaka lilegee, uti ukatwe, mchele mbichi uoshwe, kitunguu na nyanya vikatwe. Badala ya kondoo yatosha nyama ya ng'ombe, na katika siku za Kwaresima dagaa waliosagwa. Mawese tumeyajaribu: hufunika ladha ya ndimu, na mchele hugeuka rangi. Mabibi wa hapa waliyaona kuwa mazuri zaidi hivyo, wakauliza kwa nini hatukutia pilipili.